Hati Iko Benki, Mwenye Nyumba Hayupo: Majibu kwa Wanunuzi wa Nyumba za Mirathi

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tumepata nyumba Tabata Kimanga, vyumba vitatu, ina uzio na kisima, bei milioni 145. Mwenyewe alifariki mwaka jana. Hati iko benki kwa sababu alikuwa na mkopo ambao haujaisha. Familia inasema limebaki deni la kama milioni 60. Anayeuza ni kijana wake mkubwa. Anataka tumpe milioni 70 kwanza akalipe benki, hati ikitoka tumalizie zilizobaki na kwenda kubadilisha jina. Dalali anatuharakisha, anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Nyumba kama hii inanunulika kweli?
*Mama wa watoto wawili, Segerea*

JIBU: Inanunulika, dada yetu, na unaweza kuinunua kwa usalama. Lakini si kwa njia aliyokueleza huyo kijana, hata kama ana nia njema. Milioni 70 zikishaingia mfukoni mwake, huna chochote mkononi: hati si yako, deni si lake binafsi, na benki haikutambui. Mwacheni huyo mteja wa Jumamosi aje. Nyinyi anzeni na mambo matatu ambayo hayahitaji kutoa hata senti ya kishika uchumba.

La kwanza ni kumjua muuzaji. Mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu ni mkubwa. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo, ule wenye sahihi za wajomba na mashangazi, ni pendekezo tu la kupeleka mahakamani, na watu wengi mjini hapa wamelipia nyumba kwa kuonyeshwa muhtasari huo peke yake. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, uteuzi unathibitishwa na Fomu Namba 4. Kama ilifunguliwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kunakuwa na barua ya usimamizi yenye muhuri wa mahakama hiyo. Usiridhike na nakala ya kwenye simu. Chukua namba ya shauri, nenda masjala ya mahakama husika na uombe kuliangalia jalada. Utazame kama kuna pingamizi, kama uteuzi umetenguliwa, na kama wasimamizi ni mmoja au wawili. Wakiwa wawili, wote wawili wanasaini.

Kwenye jalada hilo hilo kuna jambo ambalo hata mawakili wazoefu hulipita. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5 ndani ya miezi 4, kisha hesabu za mgawanyo kwa Fomu Namba 6. Angalia kama nyumba imeorodheshwa, na kama deni la benki limeorodheshwa pamoja nayo. Na ikiwa mirathi imeshafungwa na nyumba ikagawiwa kwa warithi kwa majina yao, basi muuzaji wenu si msimamizi tena. Wauzaji ni warithi wote, na asiposaini mmoja mnanunua kesi.

Je, msimamizi anahitaji ridhaa ya kila mrithi? Kisheria nyumba iko mikononi mwake, na ana uwezo wa kuiuza kwa ajili ya kulipa madeni ya marehemu. Hata hivyo tunawasihi mpate sahihi za warithi watu wazima wote kwenye karatasi ya kuridhia mauzo, na ya mjane kabla ya wote. Sheria ya Ardhi inataka mwenzi aridhie pale nyumba ya ndoa inapowekwa rehani. Kama mjane hakuridhia mkopo ule, anaweza kuipinga rehani yenyewe mahakamani, na nyinyi mtakuwa mmeshalipa. Kama marehemu aliacha wajane wawili, waulizeni wote wawili.

La pili ni upekuzi kwa Msajili wa Hati, maarufu kama sechi. Unahitaji namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu. Ada unailipa kwa namba ya malipo ya serikali, na majibu yanatoka kwa maandishi. Isomeni karatasi hiyo mstari kwa mstari. Sehemu ya juu inataja mmiliki. Sehemu ya chini, ndiyo muhimu kwenu, inataja mizigo iliyosajiliwa juu ya hati: rehani, zuio (tangazo la mwenye maslahi la kuzuia hati isihamishwe), amri ya mahakama. Familia nyingi zinajua mkopo mmoja tu, kumbe chini ya rehani ya kwanza kuna ya pili. Na msishtuke mkiona kiasi kikubwa kuliko deni mliloambiwa. Kinachosajiliwa ni kiwango ambacho nyumba ilikidhamini siku ile, salio la leo halionekani hapo.

Angalieni pia jina la mkopaji. Wakati mwingine marehemu hakukopa yeye. Aliweka nyumba yake dhamana kwa biashara ya mwanawe au ya rafiki. Hapo mkopaji yuko hai na huenda bado anachota fedha kwenye mkopo huo. Deni mtakaloambiwa leo linaweza kuwa limepanda mwezi ujao. Kwa nyumba ya namna hiyo, msisaini chochote kabla benki haijaandika kwamba imesimamisha uchotaji.

La tatu, na hili linaweza hata kuwakosesha nyumba, ni bima. Mikopo mingi ya nyumba hapa nchini hutolewa pamoja na bima ya maisha ya mkopaji, ambayo kazi yake ni kulipa salio akifariki. Mara nyingi ada yake ilikatwa siku mkopo ulipotoka au imefichama ndani ya rejesho la kila mwezi, hivyo mjane na watoto hawana habari. Waombeni wachukue barua ya mkopo, watafute kipengele cha bima, kisha wapeleke benki cheti cha kifo na kuuliza kwa maandishi kama dai limeshafunguliwa. Inawezekana familia ikagundua haina deni kabisa na ikaghairi kuuza. Waambieni hivyo hivyo. Ni haki ya yatima, na nyumba nyingine zipo. Dai linaweza kukataliwa kwa sababu bima ilikwisha muda, ada haikulipwa, marehemu hakutaja ugonjwa aliokuwa nao, au taarifa ilichelewa. Lakini kukataliwa kwa mdomo dirishani si kukataliwa. Waombe barua yenye sababu, na wasiporidhika yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mkishavuka hapo ndipo mzungumzie fedha.

Msimamizi aiombe benki barua ya salio la kumaliza mkopo. Barua nzuri inatenganisha mtaji (fedha yenyewe iliyokopwa), riba hadi tarehe fulani, adhabu za kuchelewa na gharama nyingine, halafu inataja riba inayoongezeka kwa siku na siku ambayo barua inakwisha nguvu. Hiyo riba ya siku ndiyo inayoharibu mahesabu ya watu. Salio la milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka huongeza takriban shilingi 26,300 kila siku. Wiki 3 za kumsubiri mthamini ni kama shilingi 552,000. Mkilipa kiasi kilichoandikwa kwenye barua ya zamani, akaunti inabaki na kideni kidogo, benki haitoi hati, na kila upande unadhani mwenzake amekula fedha. Andikeni kwenye mkataba nani anabeba ongezeko hilo. Kwa maoni yetu ni mirathi, si nyinyi, isipokuwa mkiwa mmechelewa nyinyi.

Kisha uandaliwe mkataba wa pande tatu: msimamizi, nyinyi na benki. Mkataba wa kuuza ardhi usio wa maandishi hautekelezeki mahakamani, kwa hiyo maneno ya "tumekubaliana sebuleni" yasiwatoe kijasho. Katika mkataba huo mtalipa salio moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, nayo benki itaahidi kwa maandishi mambo mawili: kusaini hati ya kuondoa rehani ndani ya siku zilizotajwa, na kumkabidhi wakili wenu hati halisi. Wakili wenu, si familia. Kiasi kinachobaki kiende kwenye akaunti ya mirathi aliyofungua msimamizi, kamwe kisiende kwenye namba ya simu ya mtu. Familia ikihitaji arbuni, ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili hadi benki isaini.

Sasa tuwaonyeshe mahali watu wanapoumia hasa. Rehani ikiondolewa leo, na uhamisho ukasajiliwa baada ya miezi 2, katikati hapo hati ni safi na bado ina jina la marehemu au la msimamizi. Deni mmelilipa nyinyi, lakini nyumba inaweza kuuzwa tena au kukopewa tena. Kuzibeni pengo hilo hivi: kabla fedha haijatoka, msimamizi awe ameshasaini mbele ya wakili fomu za ardhi namba 29 ya taarifa ya uhamisho, namba 30 ya maombi ya kibali cha uhamisho na namba 35 ya uhamisho wenyewe, na wakili wenu azishike. Jina la msimamizi liingizwe kwenye daftari la Msajili mapema, maana bila hatua hiyo uhamisho wake haupokelewi. Na siku mnayosaini mkataba, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati kama watu wenye maslahi kwenye kiwanja hicho. Baada ya hapo, hati ya kuondoa rehani na uhamisho zipelekwe pamoja, kwa mkono mmoja.

Kuhusu gharama: mthamini aliyesajiliwa anaandaa ripoti na Mthamini Mkuu wa Serikali anaiidhinisha, na thamani hiyo ndiyo inayoangaliwa. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakuwasaidii, na siku mtakapouza nyinyi kutawaumiza, kwa kuwa faida yenu itaonekana kubwa mno. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, na kama hakuna kumbukumbu za gharama za ununuzi na ujenzi, kuna utaratibu wa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Hii ni ya muuzaji, lakini familia nyingi hujaribu kuisukuma kwa mnunuzi siku ya mwisho, kwa hiyo itajwe kwenye mkataba. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 na unalipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Kagueni pia kodi ya pango la ardhi, maana malimbikizo yake yanazuia kibali, pamoja na bili ya maji na deni lolote kwenye mita ya LUKU.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri wa nani anaishi pale na nani ni mjane. Mwoneni. Ila kwa nyumba yenye hati hakuna sheria inayowataka mumlipe asilimia 10 ya bei.

SWALI: Assalaam alaykum. Baba yetu alituachia nyumba Magomeni, ina mkopo wa benki. Tuko mama, wavulana wawili na wasichana wawili. Mimi nataka kuibakiza nyumba na kuwalipa wenzangu. Mthamini amesema ina thamani ya milioni 180, deni ni milioni 52, na gharama za mirathi, mthamini na wakili ni milioni 8. Kaka anadai sehemu ya kila mmoja wetu ihesabiwe kwenye milioni 180 kwa kuwa "deni ni la atakayechukua nyumba". Ni sawa?
*Mwana wa marehemu, Magomeni Mapipa*

JIBU: Wa alaykum salaam. Si sawa, kaka yetu, wala kwa sheria ya nchi wala kwa Sharia. Deni linatangulia mirathi. Aya ya 11 ya Surat An-Nisaa inataja mafungu na kusema ni baada ya wasia na deni. Warithi wanagawana kinachobaki.

Tuhesabu. Milioni 180 toa 52 toa 8, inabaki milioni 120. Mama anapata thumni, yaani moja ya nane: milioni 15. Zinabaki milioni 105, zinagawanywa mafungu 6, kila mvulana mawili na kila msichana moja. Fungu ni milioni 17.5. Kwa hiyo kila mvulana ana milioni 35 na kila msichana milioni 17.5. Ili ubaki na nyumba utatoa 15 kwa mama, 35 kwa kaka, 35 kwa dada zako wawili, 52 kwa benki na 8 za gharama: jumla milioni 145. Ukijumlisha na haki yako ya 35 unapata thamani kamili ya nyumba.

Sasa fuata hesabu ya kaka. Mama angepata milioni 22.5, kaka 52.5, dada wawili pamoja 52.5. Hiyo ni milioni 127.5, halafu wewe peke yako ubebe 52 na 8. Ungelipa milioni 187.5 kwa nyumba ya milioni 180, na urithi wako wote ungekuwa umeyeyuka. Mwonyeshe kaka kwenye karatasi, kwa upole. Mara nyingi mtu anakosea hesabu tu, hana nia ya kudhulumu.

Mambo mawili ya kuangalia. Kama tangu msiba wewe ndiye unayelipa marejesho, kusanya stakabadhi zote na uziwasilishe kwa msimamizi, zihesabiwe kama fedha unayoidai mirathi. Usipozipeleka kabla ya hesabu za mwisho, zitahesabika sadaka. La pili, benki haikuhamishii mkopo wa baba kwa kuwa wewe ni mtoto wake. Utaomba mkopo mpya kwa kipato chako, na benki ile ile ikikubali, mkopo mpya unafuta wa zamani na rehani mpya inasajiliwa kwa jina lako. Kwa hiyo anza kuulizia kipato chako kinabeba kiasi gani kabla ya kuwaahidi wenzako tarehe. Na kama kuna mdogo wenu aliye chini ya miaka 18, yeye hawezi kuridhia chochote. Sehemu yake ihifadhiwe kwa utaratibu ambao mahakama imeuona.

SWALI: Naweza kununua nyumba Manzese yenye leseni ya makazi? Mwenyewe amefariki, familia inasema leseni halisi imepotea na wana taarifa ya polisi ya upotevu. Hakuna rehani iliyoonekana.
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

JIBU: Simama kwanza. Wakopeshaji wengi wadogo hawasajili rehani. Wanachukua leseni halisi, au mkataba wa mauziano wa zamani, wanaufungia kabatini na kumpa mtu fedha. Sheria ya Ardhi inautambua mkopo wa namna hiyo, wa kuweka nyaraka kama dhamana, lakini sechi haiuonyeshi. "Imepotea" ndilo neno utakalolisikia kwa familia ambayo ama haijui leseni iko wapi, ama inajua na haitaki kusema.

Waombe daftari la marejesho la marehemu, taarifa zake za benki za miezi 12 ya mwisho na ujumbe wa simu wa makato. Makato ya kila mwezi ya kiasi kile kile kwenda kwa jina moja yatakupeleka kwa mkopeshaji. Waulize majirani, mara nyingi wao ndio waliokuwa wadhamini. Ukimpata mkopeshaji, utaratibu ni ule ule: barua ya salio, lipa kwake moja kwa moja, pokea nyaraka halisi siku hiyo hiyo. Usipompata, usinunue kwa taarifa ya polisi peke yake. Pia angalia tarehe ya leseni, kwani hutolewa kwa muda maalumu, na iliyokwisha inapaswa kuhuishwa na msimamizi kwanza.

SWALI: Nyumba ya mirathi Mbezi imekaa miezi bila marejesho. Kuna anayenishauri nisubiri benki iipige mnada nipate kwa bei ya kutupa. Mnasemaje?
*Msomaji, Goba*

JIBU: Bei ya mnada inaweza kuwa nafuu, lakini "ya kutupa" ina hatari yake. Benki lazima itoe notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa, kisha tangazo la mnada la angalau siku 14, na ina wajibu wa kutafuta bei nzuri. Bei ikiwa chini ya ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kudhani kwamba benki haikutimiza wajibu huo, na familia inapata mlango wa kwenda mahakamani. Kwa nyumba ya marehemu kuna udhaifu mwingine: notisi huwa imeandikwa kwa jina la mtu aliyekwisha kufa, na msimamizi anakuja kusema hakupewa taarifa. Sheria inamlinda mnunuzi wa mnada aliyenunua kwa nia njema, lakini ulinzi huo huenda ukauthibitisha baada ya miaka ya kesi, huku mjane na watoto wakiwa bado wanaishi ndani.

Masharti ya kawaida ya mnada ni asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14. Ukishindwa, ile 25 unaipoteza. Ni vigumu mkopo wa nyumba kuidhinishwa kwa siku 14, kwa hiyo njia hii ni ya mwenye fedha mkononi.

Sisi tungekwenda kwa msimamizi sasa hivi, kabla ya notisi, na kumpa bei inayolipa deni na kuwaachia warithi kitu. Kwenye mnada gharama za dalali na adhabu za benki hukatwa kwanza, na wanachopata watoto ni kile kitakachobaki. Msimamizi mwenye akili atakusikiliza, na benki pia hupendelea kulipwa bila mnada. Kama notisi imeshatoka, mwombe msimamizi aandike benki kwamba mnunuzi yupo, aambatanishe ofa yako na uthibitisho wa fedha zako, na aombe mnada usimamishwe kwa tarehe maalumu. Barua ipelekwe kwa mkono na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.